Bujumbura na mtoto anayenyonya

SWALI: Shikamoo, nesi. Naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mimi na mume wangu tumealikwa Bujumbura na shoga yangu niliyesoma naye chuo. Aliolewa kule, ana watoto wawili. Tunataka kuondoka tarehe 20 Desemba, turudi baada ya mwaka mpya. Mwanetu sasa ana miezi 9, na atatimiza mwaka tarehe 27 Desemba tukiwa kule. Huenda mume wangu akachelewa kazini, nikatangulia na mtoto peke yangu. Karatasi gani zinatakiwa? Tupite wapi? Je, si mapema mno kwa mtoto? Mama mkwe anasema mtoto ambaye hajatembea havushwi ziwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua huko nyumbani mnabishana, na kila jirani wa Mwanga ana lake la kusema. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, na tangu nistaafu nimevuka mpaka huo na wajukuu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Mtoto anayenyonya ni msafiri mwepesi. Chakula chake unacho kifuani, kitanda chake mgongoni. Ukingoja afike mwaka na nusu utamkimbiza kwenye kila kituo cha magari, na bado hatakuwa na akili ya kuelewa neno "ngoja". Ugumu wa safari yenu uko katika mambo mawili tu: karatasi, ambazo muda wake unaanza leo, na nyumba mnayokwenda kufikia, ambayo hukuniuliza lolote juu yake.

Karatasi kwanza. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo Mtanzania halipi viza. Wengi wakisikia hivyo wanadhani watavuka kwa kitambulisho cha NIDA. Hapana. Kila mmoja wenu, mtoto naye akiwemo, anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Mtoto haandikwi kwenye pasipoti ya mama; ana yake. Pasipoti hizi za kielektroniki zilizoanza mwaka 2018 ni shilingi 150,000 kwa mtu, na ukizidisha kwa watatu utaona kwa nini watu wa kwetu wanapenda hati ya dharura. Kwa safari moja ya Bujumbura hati inatosha. Kama mnawaza kusafiri tena nje ya nchi, kata pasipoti sasa uumie mara moja.

Fomu inajazwa mtandaoni, unapata namba ya malipo, unaichapisha na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na mtoto mwenyewe. Hapo ndipo watu hukwama, na anayewakwamisha ni cheti cha kuzaliwa. Ile karatasi uliyopewa wodini ulipojifungua ni tangazo la kizazi, siyo cheti. Cheti ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilayani unakifuatilia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ukishakipata, kaa chini na kalamu ulinganishe majina: kadi ya kliniki, cheti cha mtoto, vyeti vyenu wazazi, vitambulisho. "Hussein" wa huku na "Husseni" wa kule ni watu wawili mbele ya dirisha. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mpakani, beba pia ushahidi wa kuzaliwa kwa wazazi wenu na barua ya serikali ya mtaa, hata kama hujaambiwa. Ukiulizwa babu alizaliwa wapi usichukie. Jibu, onyesha karatasi, mambo yaendelee.

Hilo la kutangulia peke yako na mtoto lichukulie kwa uzito. Mume wako aandike barua ya ridhaa inayotaja jina la mtoto, jina lako, mnakwenda kwa nani, kuanzia lini hadi lini, na namba yake ya simu. Aisaini mbele ya wakili, na uibandike nakala ya kitambulisho chake. Uhamiaji wataitaka ridhaa ya wazazi wakati wa kuomba pasipoti ya mtoto, na mpakani askari yeyote ana haki ya kumuuliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni kwamba baba yuko wapi. Wanazuia watoto kuibwa, na mimi nawaunga mkono. Ukiwa na barua mazungumzo yanakwisha kwa dakika moja.

Sasa chanjo, na hapa naomba unisikilize kama ulivyonisikiliza siku za kupima uzito. Burundi wanadai kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo mtoto hupewa kuanzia miezi 9, yaani umri alionao wako sasa hivi. Miezi 9 hiyohiyo ndiyo anachomwa surua-rubella ya kwanza. Zote mbili ni chanjo hai, na kanuni yake ni hii: ama zichomwe siku moja, kila moja mkono wake au paja lake, ama zipishane wiki 4. Zikifuatana katikati ya hapo, ya pili inaweza isishike vizuri. Kwa hiyo kabla hujampeleka kwa ajili ya safari, fungua kadi ya kliniki uone surua-rubella alichomwa tarehe ngapi. Kama bado, uliza kama anaweza kupata zote siku moja. Kama alichomwa wiki iliyopita, hesabu siku 28. Muda unao, ndiyo maana nafurahi umeuliza mapema.

Kadi ya njano huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchomwa tarehe 18 Desemba ni kujidanganya. Ninyi wazazi kama mlichanjwa zamani msichanjwe tena. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama juu imeandikwa miaka 10. Kama una ujauzito mwingine ambao hujamwambia mtu, mwambie mchanjaji. Na kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kula yai, sema pia.

Halafu kuna mtego ambao wengi hawauoni. Tanzania nayo inadai kadi hiyo kwa kila mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi yenye homa ya manjano, na Burundi imo katika orodha. Mwanao anatimiza mwaka tarehe 27 akiwa Bujumbura. Ataondoka Kigoma akiwa mchanga, atarudi akiwa mtu mzima wa kudaiwa kadi! Akichanjwa mapema, jambo hilo linabaki la kuchekesha.

Njia. Nakushauri Manyovu. Kutoka mjini mnapanda Mwandiga, kisha lami ya kama kilomita 60 hadi mpakani, upande wa pili ni Mugina. Boti za ziwani ziacheni, kwa sababu ratiba yake ni ya mizigo na mtoto hana subira ya mzigo. Ndege kupitia Dar es Salaam ni nzuri kwa mwenye fedha, ila ni kuzunguka nchi nzima kwenda kwa jirani.

Manyovu kuna baridi. Mjini mtaondoka mtoto akitoka jasho, na saa moja baadaye mko milimani kwenye ukungu. Kisha upande wa Burundi, mkishuka mji wa Mabanda kwenda Nyanza-Lac, mnarudi kwenye joto lilelile la ziwa. Sweta, soksi na kofia viwe juu ya begi, visizame chini ya pampasi. Kona za mlimani zinatapisha, kwa hiyo mnyonyeshe kidogo kidogo, usimshibishe kabla ya kupanda.

Mpakani pigeni mihuri pande zote mbili, ya kutoka Tanzania na ya kuingia Burundi, na uihakiki kwa macho yako kabla hujapanda gari. Kubadilisha fedha, tafuta benki au duka lenye leseni. Vijana wenye mabunda mkononi watakupa bei tamu, lakini mama mwenye mtoto mgongoni anayehesabu noti barabarani hamalizi kuhesabu salama.

Ukishavuka, magari yanapita kulia. Unalijua, kila mtu wa Kigoma analijua, lakini mwili haujui. Nikuonyeshe nilivyojifunza. Tulisimama Nyanza-Lac kununua ndizi, mjukuu nimempakata. Nimezoea kushuka mlango wa kushoto, kwa sababu kwetu kushoto ni pembeni ya barabara. Nikaufungua. Kwa Burundi mlango ule unafungukia katikati ya njia. Baiskeli iliyobeba mikungu ya michikichi ikapita kwa kasi ya mteremko, mkungu mmoja ukakwaruza mlango pale pale vidole vyangu vilipokuwa. Yule kijana hata hakugeuka. Tangu siku ile nikifika Mugina nafunga ukanda mwekundu wa kitambaa kwenye kitasa cha kushoto, na hakuna anayekigusa hadi tunarudi. Kwa miguu, ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

Saa nazo zinabadilika. Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Mkifika mpakani saa nne asubuhi ya Kigoma, kule ni saa tatu. Mnapokwenda mnapata saa ya bure; mnaporudi mnailipa, kwa hiyo siku ya kurudi ondokeni alfajiri msije mkafika Mugina jioni. Na mtoto hana habari na saa za serikali. Aliyezoea kuamka saa kumi na mbili atawaamsha wenyeji saa kumi na moja kila siku. Mwambie shoga yako mapema.

Angalia kalenda: tarehe 20 isiwe Jumamosi. Burundi Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za maendeleo, magari hayatembei kwa uhuru mpaka karibu saa tano. Desemba ni mvua, na barabara ya kando ya ziwa kutoka Rumonge kupitia Gitaza imebanwa kati ya mlima na maji. Kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, ni cha kupita mchana, mapema, kabla mawingu hayajakusanyika. Mkikuta mvua kubwa Rumonge, laleni Rumonge. Mtoto haharakishwi kwa ajili ya chakula cha jioni kilichopikwa na rafiki.

Mkikaribia Bujumbura, kama kilomita 10 hivi kabla ya mji, pale Mugere pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley. Baada ya kukutana hapa kwetu Ujiji mwaka 1871 walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Novemba ile walipita hapo. Simameni, mbadilishe nepi, mpige picha. Mtoto ataiona picha ukubwani.

Sasa tuingie kwenye nyumba. Shoga yako amekuambia "njooni tu, nyumbani kwenu", na anamaanisha. Lakini Burundi kwa miaka ya karibuni mafuta ya gari yamekuwa ya kusaka. Usihesabu kwamba mumewe atawazungusha mjini. Akifanya hivyo amechoma lita alizopanga foleni kuzipata. Gharama za matembezi bebeni ninyi. Na hapa nakemea kabisa: mtu akikuomba umpelekee dumu la petroli "kwa sababu mnapita tu", kataa, hata awe shoga mwenyewe. Petroli na mtoto havikai gari moja.

Zawadi watu wa Kigoma hukosea. Usibebe mawese, Rumonge ndiko kwenye michikichi ya Burundi. Usibebe dagaa, wanao, wanaita ndagala. Mgebuka wetu ndio mukeke wao, samaki yuleyule, ziwa lilelile, na kila upande unaapa kwamba wake ndiye mtamu. Sukari ya matumizi ya nyumbani itapokelewa kwa mikono miwili, kwa maana kule huadimika mara kwa mara. Doti mbili za kanga kwa shoga yako, kwa kuwa anazikosa hata kama hasemi. Vitu visifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku kwao kama kwetu.

Kisha mpigie simu, siyo ujumbe, umuulize maswali manne bila haya: mtoto atalala wapi, chandarua kipo, maji ya kunywa yanachemshwa, na hospitali ya karibu ni ipi. Mimi niliona haya. Safari moja tulipokelewa kwa heshima kubwa, tukapewa chumba cha wenyeji wenyewe, na kitandani hapakuwa na chandarua. Nesi mzima nikanyamaza, nisije nikaonekana napekua nyumba ya watu. Siku ya tisa tangu usiku ule, tukiwa tumesharudi Ujiji, mjukuu akachemka. Kipimo kikaonyesha malaria. Siku hizi chandarua chenye dawa na kamba zake nne kiko kwenye begi langu. Nafika, nacheka, nasema "huyu bila chandarua chake halali", nakifunga. Lawama zote namtupia mtoto, mwenyeji haoni vibaya. Bujumbura iko ufukweni kama sisi, mbu ni walewale.

Utumie ujanja huohuo kwenye chakula. Atabebwa na kila mtu, na kila mtu atataka kumlisha. Sema "nesi wake kamkataza", nitupieni mimi. Uji wake wa lishe beba unga kutoka nyumbani, chupa ya chai yenye maji yaliyochemka isitoke mkononi, na titi lisipungue. Pwani zetu zote mbili hupata kipindupindu, hivyo matunda ya kumenya ndiyo yake, kachumbari siyo. Ziwani atazame tu. Kichocho kipo kandokando ya maji, na ufukwe wa Bujumbura viboko hupanda nchi kavu giza likiingia. Ikifika magharibi muwe mmeshaondoka. Akitaka kuchezea maji, beseni linatosha.

Mfuko wa dawa uwe mdogo. Pakiti 4 za ORS, ile chumvichumvi ya kumrudishia maji anayeharisha, kila moja kwa lita moja kamili ya maji salama. Vidonge vya zinki: akiharisha, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Kipimajoto. Parasetamo ya maji: mpime uzito kabla ya kuondoka, na kama ana kilo 9, mililita 5 za ile iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, zipishane saa 6. Parasetamo inashusha joto, haitibu malaria. Homa yoyote apimwe damu siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usimalizie kikombe cha chai, nenda hospitali. Kadi ya bima ya hapa usiitegemee kule. Tenga fedha taslimu ya matibabu kwenye bahasha yake na usiiguse kwa vitenge. Mkirudi, homa ndani ya mwezi mmoja mwambie daktari mlikuwa Bujumbura.

Lugha isikupe hofu. Kama nyumbani mnazungumza Kiha, Kirundi utakisikia kama Kiha cha mtu mwenye haraka. Mtaa wa Buyenzi ni Kiswahili mtindo mmoja, na mtaani ukisema "amahoro" umeshasalimia. Uvira ya Kongo itaonekana karibu sana kutoka kule. Kwa hali ya usalama ya upande ule msiiongeze kwenye ratiba, wala Rwanda, kwa kuwa Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Siku hizo chache ni za shoga yako. Mpango wenu uwe jambo moja kwa siku, asubuhi, na mchana mtoto alale. Kigari cha kusukuma kiacheni. Mbeleko mbili zinapita kila mahali, moja ikiloa nyingine ipo.

Limebaki la mama mkwe, na hilo usilijibu kwa ubishi. Mwambie umeuliza, na nesi amekubaliana naye kabisa kwamba mtoto asivushwe ziwa. Mtapita Manyovu, nchi kavu mwanzo mwisho, ziwa mtaliona dirishani. Kisha mkifika Rumonge mpigie simu, umpe mtoto aongee.